Melvinia wa Georgia: kumtafuta mtu aliyeandikwa kama mali

Cheti cha kifo kilichotumika Georgia mwaka 1938 kilikuwa na mahali pa kujaza jina la baba wa marehemu na mahali pa jina la mama. Kwenye cheti cha bibi mmoja aliyefia Kingston, mji mdogo wa kaunti ya Bartow kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, jamaa aliyetia saini alijibu kwa ufupi: hajui.

Bibi huyo hakufa mkiwa. Aliacha watoto, wajukuu na vitukuu, na mwanawe mmoja alikuwa seremala mwenye biashara yake huko Birmingham, Alabama. Waliomjua utu uzimani walimwita Mattie McGruder. Aliishi miaka tisini na kitu, lakini siku ya kuandikiwa cheti hakupatikana mtu wa kutaja jina la mama yake. Inawezekana kabisa kwamba hata yeye mwenyewe hakulijua.

Jina alilozaliwa nalo ni Melvinia. Mwaka 2009 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak, akishirikiana na gazeti la New York Times, alionyesha kwamba mama huyu wa mashambani ndiye chimbuko la upande mmoja wa ukoo wa Michelle Obama, aliyekuwa ameingia Ikulu ya Marekani mwaka uleule. Mwandishi Rachel Swarns, mmoja wa walioandika habari ile, aliendelea kuchimba na mwaka 2012 akatoa kitabu kizima juu ya ukoo huo. Kwa hesabu yetu ngazi zake ni hizi: Dolphus ni mwana wa Melvinia, Robert Lee ni mjukuu, Purnell ni kitukuu, Marian ni kilembwe, na Michelle ni kilembwekeza.

Sikuvutwa na umaarufu wa kilembwekeza. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha, kuliko kingine ninachokijua, kazi inavyokuwa unapomtafuta mtu ambaye nusu ya maisha yake ya ujana iliandikwa kwenye daftari za ng'ombe na majembe. Ukimfuata mtu wa namna hiyo kwa jina lake, unapotea njiani. Inabidi uwafuate waliommiliki, usome wosia wao, ujue nani alioa kwa nani, halafu usubiri apite katikati ya mambo yao.

Ukuta wa 1870

Kazi ya nasaba huanzia kwa aliye karibu na kurudi nyuma. Upande wa Chicago haukuwa na shida. Marian, mama yake Michelle, alizaliwa 1937, baba yake akiwa Purnell Shields, fundi rangi aliyehama kutoka Birmingham. Ngazi inayofuata ndiyo inayolegalega. Baba yake Purnell, Robert Lee Shields, alioa 1906, akafanya vibarua na upagazi wa reli, kisha akiwa na miaka kama 32 akatoweka kwenye kumbukumbu zote. Kwa mtafiti anayeanza hapo ndipo moyo unapovunjika. Lakini Robert Lee alikuwa na baba, na baba huyo alikuwa mtu wa kuacha nyayo.

Dolphus Shields alifika Birmingham mji ule ukiwa bado unachipuka kwa viwanda vya chuma. Sensa ya 1900 inamkuta akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe, jambo ambalo huko Alabama Mweusi aliyezaliwa utumwani hakulipata kirahisi. Kufikia 1911 alikuwa na karakana ya useremala na kunoa vifaa. Alishiriki kuanzisha makanisa mawili ya Kibaptisti, First Ebenezer na Trinity. Alipofariki Juni 1950, gazeti la Weusi la mji huo, Birmingham World, lilitangaza kifo chake ukurasa wa mbele. Katika ukurasa huohuo kulikuwa na habari kwamba Mahakama Kuu ya Marekani imepiga marufuku ubaguzi kwenye mabehewa ya kulia chakula na katika vyuo vikuu. Wahariri walikuwa wanapanga habari za wiki tu, nadhani hakuna aliyewaza kwamba aliyezaliwa mtumwa amewekwa jirani na hukumu ile.

Ukimrudisha Dolphus nyuma, sensa baada ya sensa, unafika 1870 na hapo unagonga ukuta. Kila anayetafuta mababu Weusi wa Marekani anaufahamu. Kabla ya mwaka huo sensa haikuwataja watumwa kwa majina. Mwaka 1850 na 1860 makarani walikuwa na fomu za pembeni kwa ajili ya watumwa: juu linaandikwa jina la mwenye mali, na chini yake, mstari kwa mstari, umri, jinsia na rangi. Mwanamke, 15, mweusi. Mwanamume, 30, mweusi. Basi. Mwaka 1860 takriban watu milioni 4 waliandikwa hivyo.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote walioachwa huru kwa majina yao. Inamwonyesha Melvinia akiwa kibarua wa shambani katika kaunti ya Clayton, kusini ya Atlanta, akiwa na watoto wanne, Dolphus akiwamo. Shamba la jirani ni la mzungu anayeitwa Charles Shields.

Sensa ile inatakiwa kusomwa kwa tahadhari. Haina safu ya uhusiano, haisemi nani ni mtoto wa nani. Safu hiyo iliongezwa mwaka 1880. Watoto wanaofuata jina la mwanamke tunadhani ni wake, na mara nyingi ni kweli, lakini ni dhana mpaka karatasi nyingine ije kuithibitisha. Pili, watatu kati ya wale wanne wameandikwa kwa herufi inayomaanisha chotara. Herufi hiyo haikutokana na ushahidi wowote. Karani alisimama mlangoni, akawaangalia watoto, akaandika alichokiona. Nimeona watu wakiijengea nadharia nzima herufi moja ya karani aliyechoka na jua. Hapa ilitokea kuwa sahihi, ila isingeweza kusimama peke yake.

Na jina Shields lenyewe? Mtu akisikia mtumwa wa zamani anaitwa Shields na jirani yake mzungu anaitwa Shields, haraka anasema: huyu ndiye bwana wake. Huenda. Lakini walioachwa huru hawakuchukua jina la bwana wa mwisho kila mara. Wapo waliochukua la bwana wa kwanza, wapo waliochukua la baba aliyeuzwa mbali, na wapo waliojichagulia tu jina la kuwapendeza. Melvinia mwenyewe alimaliza maisha akiwa McGruder. Ukilifuata jina peke yake, unaweza kumkosa mwanzo na kumkosa mwisho.

Christianne

Basi fuata jirani. Charles Shields alikuwa mtoto wa Henry Shields, mkulima wa eneo ambalo leo linaitwa Rex. (Mtego mdogo kwa wanaotaka kujaribu wenyewe: kaunti ya Clayton iliundwa 1858 kwa kumega kaunti za Fayette na Henry. Ukitafuta karatasi za zamani za sehemu ile, usishangae kuambiwa uende kaunti ya Henry kumtafuta Henry.) Henry alikuwa na shamba la ekari 200 hivi, na mwaka 1860 alikuwa na watumwa watatu. Huyo hakuwa bwana wa yale majumba meupe yenye nguzo. Mwenye watumwa watatu alifanya kazi bega kwa bega nao, na watoto wake pia.

Mwaka uleule wa 1860 serikali ilifanya hesabu ya kilimo. Kwa Henry Shields waliandika farasi 3, ng'ombe 5, nguruwe 17, kondoo 20, na mazao: ngano, mahindi, viazi vitamu, pamba. Naipenda karatasi hii kwa sababu ndiyo pekee inayotuonyesha mchana wa Melvinia ulivyokuwa. Hatuna barua yake, hatuna picha yake ya ujana. Ila tunajua palikuwa na kondoo 20 wa kutunzwa na pamba ya kuchumwa, na mikono ya kufanya hayo ilikuwa michache. Tunajua pia kwamba kondoo walihesabiwa kwa uangalifu uleule aliohesabiwa yeye.

Ila kumweka Melvinia kwa Henry hakujibu ametoka wapi. Sensa ya 1870 inasema alizaliwa South Carolina. Huyu binti alifikaje Georgia? Kulikuwa na njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni mnada. Ya pili ndiyo iliyo rahisi kusahaulika: mke wa bwana. Binti wa mkulima akiolewa mbali, baba yake aliweza kumpa watumwa kama sehemu ya mali yake, au kumwachia kwenye wosia. Kwa sheria za wakati ule mali ya namna hiyo kwa kawaida iliingia kwa mume, kwa hiyo fomu ya watumwa ya 1860 ina jina la Henry Shields na haimtaji mkewe popote. Ukisoma jina la mwanamume tu, unaishia hapo.

Mke wa Henry aliitwa Christianne. Kwao walikuwa Patterson, wa kaunti ya Spartanburg, South Carolina.

Hapa ndipo kisa kinapofunguka. Ili kumpata mwanamke mmoja aliyefichwa na utumwa, ilibidi kwanza kumpata mwanamke mwingine aliyefichwa na ndoa. Sisemi walifichwa sawa. Christianne alikuwa na jina, nyumba na haki ya kulala bila hofu. Lakini katika karatasi wote wawili wamefunikwa na Henry. Ukiniuliza swali la kwanza la kuuliza juu ya shamba lolote la Kusini ya Marekani, nitasema: mke wa huyu bwana alizaliwa kwa nani?

Wosia wa 1850

David Patterson, baba yake Christianne, alikuwa mzee mwenye uwezo kumshinda mkwewe Henry. Kwake palikuwa na watumwa 21. Mwaka 1850 aliandika wosia, akagawa vitu vyake kimoja kimoja: magurudumu ya kusokotea nyuzi, miundu ya kukatia majani, vitambaa vya meza, ng'ombe. Na katikati ya hayo, binti wa Kinegro anayeitwa Milvinia. Ndivyo alivyoliandika, kwa herufi "i".

Umri wake ulikuwa kama miaka sita.

Patterson alifariki 1852. Ilipofika zamu ya wathamini kupita boma zima na kuandika bei ya kila kitu, kama ilivyokuwa kawaida mtu akifa na mali, Milvinia aliandikiwa dola 475. Kwa mtoto wa miaka minane hiyo ilikuwa pesa nyingi, na tusijidanganye kwamba walikuwa wanampenda. Bei ya msichana ilibeba kazi atakayofanya akikua na watoto atakaowazaa, kwa sababu watoto hao wangekuwa mali ya mwenye naye.

Wosia ule ndio karatasi ya kwanza tunayoijua yenye jina lake, na ulimtoa kwa watu ishirini aliokuwa akiwajua. Akaenda Georgia, safari ya zaidi ya kilomita 250, mpaka kwenye shamba ambalo watu Weusi wote walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nani alimsuka nywele huko? Nani alimwambia mvua za South Carolina zilikuwaje mwaka aliozaliwa? Mambo hayo mtoto huyapata kwa mama, shangazi na bibi, na ndiyo baadaye yanakuwa nasaba. Pengo la mwaka 1938 kwenye cheti cha Kingston lilichimbwa mwaka 1852 huko Spartanburg.

Nikisoma wosia ule huwa namkumbuka yule mume wa Michelle, kwa sababu upande wake mambo yalikuwa kinyume. Kule Kogelo, Siaya, wazee wanaweza kukuhesabia mababu kwa mdomo, mmoja akimzaa mwingine, bila karatasi hata moja. Ndoa ile moja ilikutanisha ukoo uliohifadhiwa vinywani na ukoo uliohifadhiwa kwenye orodha za mali za watu wengine.

Baba ni nani

Karibu mwaka 1860, Melvinia akiwa na miaka kama 15, alijifungua Dolphus. Baba alikuwa mzungu.

Kwa nini jina la baba haliko popote? Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki atalielewa vizuri zaidi akilinganisha na kwetu. Katika miji ya Waswahili na Waarabu wa pwani, suria aliyezaa na bwana wake, bwana akamkubali mtoto, mtoto yule alikuwa huru na aliingia ukoo wa baba. Masultani kadhaa wa Zanzibar, Barghash akiwa mmojawapo, walizaliwa na masuria. Matokeo yake nasaba za mwambao zimejaa majina ya baba, baba wa baba na baba wa babu, lakini ukiuliza mama alitoka wapi unapewa neno moja tu: Mhabeshi, Mnyasa, Mmanyema. Mara nyingi hata hilo husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi. Nyumba husitiri mambo.

Kusini ya Marekani sheria ilikwenda upande wa pili. Tangu sheria ya Virginia ya 1662, kanuni iliyosambaa makoloni yote ya utumwa ilikuwa kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba awe gavana. Kwa hiyo karatasi zilikuwa na haja ya kujua mama ni wa nani, maana huko ndiko umiliki ulikotokea. Baba hakuwa na kazi yoyote kwenye hesabu, na kama alikuwa mzungu palikuwa na kila sababu ya kumwacha nje. Utumwa wa huku haukuwa na huruma kuliko wa kule. Naonyesha tu jinsi sheria inavyopanga nani atakumbukwa. Mtafiti wa Pemba huwa anamtafuta mama. Mtafiti wa Georgia anamtafuta baba.

Habari ya 2009 ilipotoka, baba alikuwa bado hajulikani. Henry Shields mwenyewe alikuwa kwenye miaka ya mwisho ya arobaini Dolphus alipozaliwa. Alikuwa na watoto wanne wa kiume, wenye umri wa kati ya miaka 19 na 24. Na shamba halikuwa na ukuta; wageni, wachuuzi na majirani walipita. Swarns alipoendelea na utafiti, wazao wa pande mbili, Weusi wa ukoo wa Dolphus na wazungu wa ukoo wa Henry, walikubali kupimwa vinasaba. Walikuta damu moja. Hitimisho la kitabu chake ni kwamba baba, kwa uwezekano mkubwa, alikuwa Charles Marion Shields, mtoto wa Henry aliyekuwa na miaka kama 20. Huyohuyo Charles ambaye sensa ya 1870 ilimkuta jirani na Melvinia.

Neno "uwezekano" hapo lina uzito wake. Kipimo cha vinasaba vya wazao wa kizazi cha nne au cha tano kinaweza kusema kwamba watu hawa wana babu mmoja. Hakina uwezo wa kunyoosha kidole kwa ndugu mmoja na kumwacha mwingine, kwa sababu ndugu wanne wa baba mmoja na mama mmoja walichota kisima kimoja. Kilichomtenga Charles na ndugu zake ni karatasi: umri wake, mahali alipokuwa, na ule ujirani wa miaka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kipimo kilifunga mlango kwa wapita njia, halafu sensa ikachagua ndani ya nyumba. Mimi hitimisho hilo nalikubali. Kama kesho ikija karatasi ikimweka ndugu mwingine pale, nitalibadilisha bila kinyongo.

Wapo wanaosoma ujirani ule kama ushahidi wa mapenzi. Wanasema mtoto mmoja alizaliwa miaka minne baada ya utumwa kukomeshwa, Melvinia alikuwa huru, kwa nini hakuondoka? Swali hilo linanitatiza kwa wepesi wake. Melvinia alikuwa na miaka kama 15 na alikuwa mali ya baba wa nyumba. Neno "ridhaa" halina pa kukaa hapo. Uhuru ulipokuja ulimkuta na watoto wadogo, hana ardhi, hana jamaa katika jimbo lile. Vita vilikuwa vimepita palepale: mapigano ya Jonesboro, kaunti hiyohiyo ya Clayton, mwishoni mwa Agosti na mwanzo wa Septemba 1864, ndiyo yaliyoangusha Atlanta. Nchi nzima ya pale ilikuwa majivu na njaa. Mtu anaweza kukaa mahali kwa sababu hana pa kwenda. Anaweza pia kukaa kwa sababu nyingine ambazo sensa haina safu yake. Aliyejua ni yeye, na katika vizazi vilivyofuata hakuna aliyekuta simulizi yoyote aliyoiacha juu ya jambo hilo.

Kingston

Lakini aliondoka. Hii ndiyo sehemu ya kisa ninayoirudia mara kwa mara, na ndiyo inayozungumzwa kidogo.

Akiwa na miaka thelathini na kitu au arobaini na kitu, Melvinia anaonekana kwenye sensa akiwa kaunti ya Bartow, upande wa pili wa Atlanta, zaidi ya kilomita 100 kutoka Rex. Alikwenda kufanya nini? Angalia majirani tena. Kuna mume na mke, Bolus na Mariah Easley. Ukiwafuata hao nyuma, nao wanaishia Spartanburg, kwenye mali ya David Patterson.

Hebu fikiria maana yake. Mtoto aliyetolewa kwa wosia akiwa na miaka minane hivi, akakulia kwenye shamba la watu wengine, akazaa, akapitia vita, baada ya miaka zaidi ya ishirini anawapata watu wa utotoni mwake, katika jimbo jingine, bila simu, na hakuna ushahidi kwamba alijua kusoma. Namna alivyowapata haikuandikwa. Baada ya vita watu wa aina yake walitafutana kwa kuulizana makanisani, kwa wasafiri, na kwa matangazo madogo kwenye magazeti ya Weusi, watu wakitaja jina la bwana wa zamani kwa sababu ndilo anwani pekee waliyokuwa nayo. Walitumia mbinu ileile aliyokuja kuitumia Smolenyak miaka zaidi ya mia moja baadaye.

Wakazi wale wa zamani wa kwa Patterson wakawa wakwe. Dolphus alimwoa Alice, binti wa Bolus na Mariah, na Robert Lee yule aliyepotea ni mtoto wao. Kwa hiyo Michelle Obama anarudi kwenye boma la Spartanburg kwa njia mbili, kwa Melvinia na kwa akina Easley. Kwa mtafiti hilo ni zaidi ya simulizi tamu. Mistari miwili ya ukoo ikikutana mahali pamoja kwa karatasi tofauti, kila mmoja unamshikia mwenzake taa. Kama tungekuwa na Melvinia peke yake, mtu angeweza kuuliza kama Milvinia wa wosia na Melvinia wa sensa ni mtu mmoja kweli. Jina si la ajabu sana, na umri kwenye sensa za zamani huchezacheza. Akina Easley ndio waliopunguza shaka hiyo kuliko tahajia yoyote.

Na je, Mariah alikuwa ndugu yake? Shangazi? Dada mkubwa? Ujirani si udugu, na hapa nazuia kalamu. Walitoka boma moja. Alipopata nafasi ya kuchagua pa kuishi, alikwenda walipo.

Rex walimwekea mnara wa kumbukumbu mwaka 2012, wenye maneno yanayosema alizaliwa mtumwa South Carolina 1844 na akafa akiwa huru Kingston 1938. Mwaka 1844 unatokana na hesabu ya umri wake kwenye wosia na sensa, na unaweza kuteleza mwaka mmoja huku au kule. Mwaka 1938 hauna ubishi, kwa sababu kile cheti kipo. Alipokuwa anafariki, Marian alikuwa ameshazaliwa Chicago, mtoto mchanga, ambaye mwaka 2009 angehamia Ikulu pamoja na binti yake kusaidia kulea wajukuu. Yule wa dola 475 na huyu wa Ikulu walikuwa hai kwa wakati mmoja, kwa miezi kadhaa, bibi akiwa kijijini Georgia na kilembwe akiwa mikononi mwa mama yake Chicago.